Unamrekodi vipi mtu ambaye hafanyi chochote?

"Shikamoo. Niko kidato cha tatu, shule ya kutwa, Morogoro. Klabu yetu ya filamu ina watu sita, na tunataka kutengeneza filamu fupi ya dakika tano kuhusu vijana tunavyoahirisha mambo, hasa kusoma. Skripti tumeshaandika, kurasa tisa, inaitwa 'Madhara ya Uvivu'. Hamisi ni mvivu, kila siku anachezea simu, mtihani unakuja anafeli, baba yake anamcharaza bakora, mwishoni mwalimu mkuu anampa nasaha na Hamisi analia. Tulipoisoma mbele ya wenzetu nusu yao walipiga miayo. Wakasema Hamisi hafanyi kitu, amelala tu kitandani. Ni kweli, lakini si ndiyo mada yenyewe? Tufanyeje ivutie? Simu tunayo moja, ya kaka yangu, anatuazima Jumamosi tu. Halafu nikiri: tangu shule ifunguliwe tunasema tutaanza kurekodi wiki ijayo. Na kijana anayeigiza Hamisi ameacha kuja mazoezini. Anasema halali usiku na haoni haja ya chochote. Wenzangu wanasema ameingia sana kwenye uhusika. Naomba ushauri."

Marahaba, mdogo wangu. Nitaanza na lile uliloliweka mwisho, maana hilo halingoji.

Kijana asiyelala usiku na asiyeona haja ya chochote hajaingia kwenye uhusika. Mimi ni mtu wa filamu, si daktari, kwa hiyo sitampa jina la ugonjwa nikiwa mbali hivi. Ila kuna tofauti ambayo hata ninyi mnaweza kuiona. Anayeahirisha kusoma bado anakimbilia mpira, bado anacheka, bado ana hamu ya kitu fulani. Kinachomshinda ni lile daftari tu. Hamu ikikatika kwa kila kitu na usingizi nao ukapotea, siku zikawa zinaongezeka, hapo pana jambo jingine, na anayepaswa kulisikia ni mtu mzima aliye karibu naye: mwalimu wa ushauri nasaha, mzazi au mlezi, mhudumu wa kituo cha afya. Mmoja wenu anayeelewana naye amfuate wakiwa wawili tu, amuulize taratibu, kisha amsindikize kwa mwalimu. Akiona haya kusema ana kwa ana, namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bure. Na akitamka lolote kuhusu kujidhuru, msikae na siri hiyo hata usiku mmoja. Nafasi yake kwenye klabu mwekeeni. Akirudi mpeni kazi anayoiweza, hata ya kushika taa. Wa kuigiza Hamisi atapatikana mwingine.

Sasa Hamisi mwenyewe. Unauliza kama kutofanya kitu si ndiyo mada yenyewe. Siyo, na hapo ndipo skripti yenu ilipoteleza.

Nyumba nzima, hakuna mwenye shughuli nyingi kama mtu anayeahirisha. Mwambie akasome sura moja ya Jiografia, halafu umwangalie bila yeye kujua. Atachonga penseli tatu. Atapiga mstari chini ya kichwa cha habari kwa rula na wino mwekundu, aone haukunyooka, achane karatasi. Ataenda kunywa maji. Akirudi atagundua meza ina vumbi. Ataandika ratiba ya kusoma ya wiki nzima kwa kalamu za rangi, imle saa nzima, na akimaliza atajisikia kana kwamba amesoma. Mimi nikiwa na umri wako, usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi insha, niliosha viatu vyote vya nyumba yetu. Vyote, pamoja na vya mgeni aliyelala kwetu, ambaye asubuhi alisafiri navyo vikiwa bado vibichi. Mama alinisifu mbele yake. Insha haikuwa na sentensi hata moja.

Hamisi wa kitandani hana cha kutazamwa. Lakini Hamisi aliyechuchumaa saa tano usiku, anasugua soli ya kiatu cha mgeni kwa mswaki uliochakaa, anakinyanyua kwenye taa kukikagua, anakuta tope dogo pembeni na kuanza upya, huku nyuma yake kauntabuku liko wazi na ukurasa ni mweupe, huyo mtu atamtazama. Atacheka pia, maana atajiona.

Kwa nini tunakuwa hivyo? Skripti yenu inajibu kwa neno moja, uvivu, na neno hilo ndilo limewaharibia hadithi. Mvivu ametulia. Amejinyoosha na moyo wake hauna habari. Anayeahirisha hana raha hata dakika moja; anaosha viatu huku tumbo limebana. Wanasaikolojia wawili, Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, walieleza mwaka 2013 kwamba kuahirisha ni njia ya kujituliza moyo kwa sasa hivi, gharama ikaachiwa yule mtu wa kesho. Liangalie kwa Hamisi. Mada ya kwanza ya Jiografia hakuielewa, na ya pili inaitegemea ile ya kwanza. Akifungua daftari anakutana na ushahidi kwamba hajui. Hiyo inauma. Akilifunga, kifua kinashuka. Nafuu anayoipata ni ya kweli kabisa, na mwili unaikumbuka. Siku nyingine mkono utalifunga haraka zaidi. Ila kazi haijaondoka, imeongezewa aibu juu. Kesho daftari ni lile lile, uzito si ule ule.

Kwa umri wenu hali ni ngumu kidogo zaidi, kwa kuwa sehemu ya mbele ya ubongo, inayotusaidia kupanga na kujizuia, huendelea kukomaa hadi mtu anapokuwa na miaka ishirini na kitu. Hiyo haiwapi ruhusa ya kufeli. Inawaeleza tu kwa nini "jitume!" peke yake haifui dafu.

Kwa hiyo mnachorekodi ni mtu anayekimbia hisia, na hisia ina uso, ina mikono, ina sauti. Mkilishika hilo, nusu ya kazi imekwisha.

Kabla sijafika kwenye kurekodi, niseme kuhusu simu. Mmeifanya kuwa adui wa filamu nzima, na sibishi kwamba inachangia. Imetengenezwa isiwe na ukurasa wa mwisho. Lakini mimi nilisugua viatu vile kabla nyumba yetu haijawahi kuwa na simu. Simu ni mlango wa karibu zaidi wa kutorokea, basi. Kwenye filamu ina kasoro nyingine: mtu anayetazama simu hana anachofanya usoni, amepoa kama sanamu. Halafu simu yenu ni moja, na ndiyo kamera! Mimi ningeiondoa mapema. Sekunde ya ishirini, dada mkubwa anaingia, anaichukua, anasema "soma", anatoka. Hamisi anabaki na meza, daftari na kisingizio kimoja pungufu. Hapo ndipo filamu inapoanza, kwa sababu mtazamaji anasubiri kuona atakimbilia wapi.

Umbo la hadithi mnalo tayari ninyi wenyewe, hamjaliona tu. Mwulize yeyote darasani kwenu: umewahi kukaa kusoma saa mbili na dakika saba usiku, ukasema "ngoja nitaanza saa mbili na nusu"? Kisha ukainua macho, ni saa mbili na dakika thelathini na nne, ukasema "basi, saa tatu kamili"? Kana kwamba elimu haiingii kichwani mpaka mshale usimame wima. Tumieni hilo. Usiku mmoja, chumba kimoja, na miadi minne ambayo Hamisi anajiwekea mwenyewe na kuikosa, kila mara kwa sababu ya maana zaidi kuliko iliyopita. Ya kwanza anaikosa kwa ajili ya penseli. Ya pili kwa ratiba ya rangi. Ya tatu kwa viatu. Ya nne, na hii iwe ya kuchoma, anaikosa kwa jambo jema kweli: mdogo wake ameamka analia, au bibi anaomba apakwe dawa ya mgongo. Mtazamaji asijue tena kama amhukumu au amhurumie. Kurasa tisa zitashuka zenyewe. Kwa kawaida ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja kwenye skrini, kwa hiyo ninyi mliandika dakika tisa huku mkiahidi tano.

Muda uonekane bila kurekodi saa ya ukutani kila mara. Saa ikitokea mara moja mwanzoni yatosha. Nawapa kifaa kimoja cha bei rahisi: dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mduara kama konokono. Ikiwashwa jioni huliwa taratibu karibu usiku kucha. Ianze nzima mezani kando ya daftari. Kila tukirudi kwenye meza, imepungua, na majivu yamelala sahanini kwa umbo lile lile la mduara. Hakuna atakayehitaji kuambiwa usiku unakwisha. Wala hamtakesha kuisubiri: nunueni pakiti moja, zitenganisheni polepole (huja mbili mbili zimeshikana na hupenda kukatika), kisha vunjeni ya kwanza robo, ya pili nusu, ya tatu ibaki kipande kama ukucha. Kila moja iwasheni kwa muda wa shoti tu. Mkiwa mmeziba dirisha kwa blanketi ili mchana uwe usiku, izimeni mara shoti inapokwisha na mfungue mlango. Moshi ule si wa kukaa nao kwenye chumba kilichofungwa, na blanketi liwe mbali na moto.

Sauti nayo ni saa. Taarifa ya habari kwa jirani inatuambia ni saa mbili usiku. Bodaboda ya mwisho ikipita, baada yake mbwa tu, tunajua watu wamelala. Kisha jogoo, adhana ya alfajiri, fagio uani. Siku yoyote, bila mwigizaji wala taa, wekeni simu dirishani mkanase hizo sauti moja moja. Zikipangwa chini ya picha, chumba kimoja kitakuwa mtaa mzima.

Kuhusu uigizaji, nina ombi: Hamisi asiigize "kuwaza". Asishike tama, asikune kichwa, asivute pumzi ndefu. Karne moja iliyopita huko Urusi muongozaji Lev Kuleshov alifanya jaribio ambalo bado linafundishwa. Inasimuliwa kwamba alichukua picha moja ya uso wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, uso usio na hisia yoyote, akaiunganisha mara na bakuli la supu, mara na jeneza, mara na mwanamke. Watazamaji wakasifu jinsi alivyoonyesha njaa, huzuni na matamanio. Uso ulikuwa ule ule. Jaribuni: rekodini uso wa mwigizaji wenu umetulia, sekunde ishirini, karibu. Mkifuatisha ukurasa mweupe, tutaona hofu. Mkifuatisha kiatu chenye tope, tutaona tumaini. Kazi hiyo inafanywa na mhariri, na inafaa sana kwa waigizaji ambao ndiyo kwanza wanaanza.

Mtajiuliza kama muweke sauti ya Hamisi ikisimulia mawazo yake. Ina faida: inaweza kuchekesha, na inaziba mapengo ya picha. Hasara yake ni kwamba mkishaiweka mtaanza kuitegemea, na kila picha itakuwa inasubiri kuelezwa. Ningeruhusu maneno manne tu katika filamu nzima, yale ya miadi: "saa mbili na nusu", "saa tatu kamili", na kuendelea, kila mara kwa sauti inayozidi kukosa uhakika. Ila kama mwigizaji wenu ana kipaji cha kuchekesha kwa mdomo, msinisikilize mimi, mwacheni aongee.

Mwisho ndio ulionifanya nikae na swali lako muda mrefu. Bakora, kisha nasaha, kisha machozi. Mwaka 2010 Pychyl na wenzake walichapisha utafiti wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu nchini Kanada. Waliojisamehe kwa kuahirisha kujiandaa na mtihani wa kwanza walipunguza kuahirisha kabla ya mtihani uliofuata. Ukirudi kwenye ule mduara wa nafuu na aibu utaona sababu: aibu ndiyo inayolifanya daftari liwe zito. Skripti yenu inamwongezea Hamisi aibu mbele ya familia na mbele ya shule, halafu inatutaka tuamini kwamba kesho atasoma. Mimi siamini, na miayo ile huenda ilikuwa inasema hivyo hivyo. Na baba huyo katokea wapi? Hatujamwona popote mpaka fimbo ilipohitajika.

Mna njia tatu hapa. Hamisi afeli: ni kweli, hutokea, lakini kila mtu anaiona ikija tangu dakika ya kwanza. Hamisi abadilike ghafla na kuwa wa kwanza darasani: mtapigiwa makofi ya heshima na hakuna atakayeikumbuka. Au alfajiri, dawa ya mbu imebaki majivu, viatu vimepangwa mlangoni vinang'aa, Hamisi anakaa, anaandika sentensi moja. Mbaya, yenye kosa, labda ya kujibu swali tofauti na lililoulizwa. Lakini ameiandika. Picha inakatika kabla hatujajua kama atamaliza. Mimi ningechagua hii. Udhaifu wake ni kwamba mwalimu wenu wa klabu anaweza kuuliza "funzo liko wapi?" Mwonyesheni mpaka mwisho ndipo mjibizane. Akishikilia lazima mwalimu mkuu awemo, mpeni mwalimu mkuu kiti cha mbele siku ya kuonyesha. Na msiandike methali kwenye skrini. "Ngoja ngoja huumiza matumbo" tunaijua tangu darasa la tatu.

Kwenye ufundi nitagusa yale yanayowaharibia wanaoanza. Simu ilale, isisimame. Futeni lenzi kwa kitambaa safi. Ya kaka yako imekaa mfukoni na sarafu. Bonyezeni na kushikilia kidole kwenye uso wa mwigizaji mpaka fokasi na mwanga vijifunge, la sivyo picha itakuwa inang'aa na kufifia kila akisogea. Wekeni simu kwenye hali ya ndegeni, na mmwambie kaka mapema, asije akadhani mmemzimia simu makusudi. Achieni nafasi: kwa ubora wa 1080p simu nyingi hula kama MB 100 hadi 150 kwa dakika, kwa hiyo dakika 40 za kurekodi zinataka GB 4 hadi 6.

Kama kwenye video mnaona mistari myeusi inatembea au taa inapepesa, simu haijaharibika. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za tyubu na za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde, haraka kuliko jicho. Simu nyingi hurekodi fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, 30 kwa sekunde na hazipatani na mapigo hayo. Tafuteni sehemu ya mipangilio ya kitaalamu kwenye kamera, au programu ya bure kama Open Camera, muweke fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, 1/50 ya sekunde. Kila fremu itameza mapigo mawili kamili na picha itatulia. Simu isipokubali, badilisheni taa au rekodini kando ya dirisha.

Sauti ndiyo iliyonivua nguo mimi. Filamu yangu ya kwanza, dakika nane, tulirekodi siku mbili kwenye nyumba iliyopakana na mashine ya kusaga. Nilikuwa nimekaa mtaa ule muda mrefu kiasi kwamba sikio langu lilishaacha kuisikia. Kinasa sauti hakikuwa mwenyeji. Kila mtu aliongea kama yuko ndani ya injini, na hapakuwa na cha kuokoa. Kwa hiyo kabla ya kurekodi, kaeni kimya dakika nzima, macho mmefumba, mtaje kila mnachosikia: feni, friji, kuku, redio ya jirani. Kinachozimika kizimwe. Maneno yawe machache, na kila baada ya shoti yenye maneno, mwigizaji ayaseme tena huku simu iko kiganja kimoja kutoka mdomoni. Mkipata hata kitochi chenye kinasa sauti, kiwekeni karibu naye na mpige kofi moja mbele ya kamera kabla hajaanza. Kofi hilo ndilo litakalowasaidia kuoanisha sauti na picha kwenye CapCut au programu yoyote mtakayohariria. Mwisho nasa nusu dakika ya ukimya wa chumba. Mtaihitaji kuziba mapengo.

Kuna mambo ya kuyamaliza uso kwa uso na wahusika. Mnarekodi watoto, kwa hiyo mzazi wa kila mmoja atie saini. Sare yenye nembo ya shule inahitaji idhini ya mkuu wa shule. Bila hiyo Hamisi avae fulana. Mkitaka kutoka nje ya ukumbi wa shule, yaani kuonyesha hadharani au kupeleka kwenye tamasha, mwalimu wenu aende kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri aulize taratibu za Bodi ya Filamu. Muziki wa msanii msiuchukue tu mtandaoni, una mwenyewe. Kijana wa shuleni kwenu mwenye gitaa anatosha. Na rasimu ya kwanza ionyesheni kwa watu wawili wasioijua hadithi. Msitazame skrini, tazameni nyuso zao. Wanapoangalia pembeni, hapo pa kukata.

Limebaki la "wiki ijayo". Mnajipiga danadana kwa sababu ile ile ya Hamisi: kurasa tisa, bakora, mwalimu mkuu, ofisi ya kuazima, na simu ya siku moja kwa wiki. Mkiifikiria tu kifua kinabana, mnasema wiki ijayo, kifua kinashuka. Basi Jumamosi hii msirekodi filamu. Rekodini shoti tatu zisizo na mwigizaji: dawa ya mbu ikianza kuwaka, ukurasa mweupe, mkono wa yeyote ukisugua kiatu. Kazi ya saa moja na nusu. Kaka yako azione jioni hiyo hiyo mnapomrudishia simu, maana mtu akishaona, atauliza zilizobaki. Jumamosi inayofuata, mwigizaji na miadi miwili ya kwanza. Ya tatu, iliyobaki. Shoti 20 hadi 25 kwa siku kwa watu wanaoanza ni kazi nzito, na filamu yenu inataka 35 hivi, kwa hiyo siku moja haitoshi, msijidanganye.

Na jina. "Madhara ya Uvivu" ni kichwa cha insha ya mtihani. Ningeiita "Saa Tatu Kamili". Likiwakaa vibaya tafuteni jingine, ila lisiwe na neno madhara.